Somo la Siwaki na Maradhi ya Ufizi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad.

Toka pwani hata Tunduru, mtu hutawadha alfajiri, akatema mate, akaona damu. Huuliza: Je, udhu umetenguka? Jawabu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba haukutenguka, kwa kuwa damu hiyo haikutoka katika njia mbili. Walakini damu ni najisi. Yampasa asukutue kinywa kabla ya kusali, na aliyefunga asiimeze. Hayo wengi huyajua. Wasiloliuliza ni hili: damu hiyo yatoka wapi?

Asili yake ni ukoga, nao ni utando wa vijidudu ushikao jino penye mpaka wa ufizi. Mwaka 1965, huko Denmark, matabibu waliwaachisha watu 12 kusafisha meno. Kabla ya kupita majuma matatu, ufizi wa wote ulivimba. Waliporudia mswaki, ukapona kwa muda wa kama juma moja. Basi aonaye damu akauacha mswaki kwa kuhofu kujiumiza, huyo ayalisha maradhi yake.

Yakiachwa, maradhi hula mfupa, jino likalegea. Wala hayakomi kinywani. Mwenye kisukari hupatwa na maradhi ya ufizi kwa wepesi, na ufizi mbovu humzidishia sukari ya damu. Akitibiwa ufizi, sukari nayo hushuka kiasi. Maradhi ya moyo huonekana zaidi kwa wenye ufizi mbovu, ingawa haijathibiti kuwa haya ndiyo yaliyozaa yale. Na avutaye tumbaku ufizi wake huharibika upesi, ilhali damu haionekani sana, akadhani yu mzima.

Siwaki ni sunna kwa kila udhu na kila sala. Kwa aliyefunga, kauli mashuhuri ya madhehebu ni kwamba ni makuruhu baada ya jua kupinduka; hiyo si ruhusa ya kuiacha mwezi mzima. Apige mswaki baada ya daku, na tena usiku kabla ya kulala. Kijiti kitafunwe ncha hata kilainike. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hauondoki kwa mswaki. Damu ikidumu majuma mawili, au jino likilegea, aende hospitali kwa tabibu wa meno. Na mwenye kisukari asimfiche tabibu wake habari ya ufizi.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wallahu aalam.