Algol: Nukta Moja, Nyota Mbili

Katikati ya Desemba, yapata saa 3 usiku, mtu wa Dar es Salaam akitazama kaskazini huiona Algol karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Ni nukta moja. Tulijuaje kwamba ni mbili?

Kwanza jina. Ptolemaio, mwanafalaki wa Kiyunani wa kale, katika kitabu chake Almagesti, aliiweka nyota hii kwenye kichwa cha Medusa, kiumbe wa kutisha wa ngano za Kiyunani, alichokishika shujaa Perseus. Wanafalaki wa Kiarabu wakamfanya Medusa kuwa zimwi, na nyota ikaitwa ra's al-ghul, kichwa cha zimwi. Wako wanaodai kuwa jina lilitokana na mwanga wake unaobadilika. Sioni haja ya dhana hiyo; picha ya Wayunani yatosha.

Mwanga huo ndio uliomshika John Goodricke, kijana kiziwi wa miaka 18 mjini York, Uingereza, mwaka 1782. Aliona kuwa kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, Algol hufifia hadi kubaki theluthi moja, kisha hurudia hali yake. Yote huchukua saa 10 hivi.

Sasa tufikiri. Kinachojirudia kwa vipindi sawa namna hiyo huenda kinazunguka. Je, ni nyota yenye doa jeusi inayojizungusha? Goodricke aliliwaza hilo pia. Lakini doa lingebadilisha mwanga taratibu kwa sehemu kubwa ya mzunguko, ilhali Algol hutulia zaidi ya siku mbili, ikafifia, ikatulia tena. Kinachobaki ni kupatwa: kitu kinapita mbele yake, kama kibatari kikipita mbele ya karabai.

Na kibatari nacho kina mwanga wake. Kwa hiyo nusu mzunguko baadaye, karabai inapopita mbele, lazima mwanga upungue kidogo tena. Hupungua kweli, ila kwa kiasi ambacho jicho tupu halitambui.

Mwaka 1889 Hermann Vogel, huko Potsdam, Ujerumani, aliuchambua mwanga wa Algol kwa rangi zake. Kuhama kidogo kwa rangi hizo kulionyesha kuwa kabla ya kupatwa nyota angavu ilikuwa ikienda mbali nasi. Baada yake, ikitujia. Ilikuwa inazunguka kweli.

Vipimo vya baadaye vikaleta fumbo. Nyota hafifu ndiyo iliyozeeka na kuvimba zaidi, lakini ni nyepesi, ingawa nyota nzito ndizo huzeeka upesi. Jibu ni kwamba hapo zamani ndiyo iliyokuwa nzito. Ilipovimba, mvuto wa mwenzake uliivua tabaka za nje, na hata leo gesi bado inatiririka kati yao.