Elimu ya Bunduki za Kale: Risasi ya Kusubu na Hatari Zake

Katika nyumba moja hapa Buswelu, mzee alipofariki, wanawe walishusha vitu vilivyokuwa darini ili wavigawanye. Kati ya vitu hivyo walikuta gobori la babu yao, limefungwa kwa kamba ya katani, nalo halikuguswa tangu wao kuzaliwa. Kijana mmoja akalitia begani, akawaelekezea wenziwe kwa mzaha. Mzee jirani akamnyang'anya, akaingiza mdeki ndani ya kasiba mpaka ukagota, akaweka alama ya kidole mdomoni, kisha akautoa na kuupima kwa nje. Mdeki haukufika penye tundu la moto. Ulipungua upana wa vidole vinne. Maana yake, mle chini mlikuwa na kitu kilichoshindiliwa. Sisi tuliokuwapo tulinyamaza kimya.

Ndiyo sababu twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za bunduki hizi na risasi zake, kwa kuwa ziko nyumba nyingi zenye urithi wa namna hii, na wenye nyumba hawajui walilolilaza juu ya vichwa vyao.

Kwanza, neno lenyewe. Katika Kiswahili neno "risasi" ni jina la kitu kirukacho kutoka katika bunduki, na pia ni jina la madini yenyewe. Madini haya ni mazito mno: kipande chake chashinda uzito wa maji ya kiasi kile kile mara kumi na moja na zaidi. Tena ni laini, hata ukucha waweza kuyatia alama. Nayo huyeyuka kwa moto wa digrii 327 tu, hali chuma hakiyeyuki mpaka zaidi ya digrii 1,500. Basi watu wa kale waliweza kuyayeyusha kwa moto wa jikoni, wakayamimina katika kalibu, wakapata gololi. Aliyetaka risasi ngumu kidogo alichanganya bati safi, pengine sehemu moja kwa sehemu ishirini za risasi.

Gobori hujazwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha gololi iliyozungushiwa kitambaa, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Kasiba yake ni laini ndani, kwa hiyo gololi hutoka ikiyumba, na shabaha yake si ya mbali. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia bunduki za namna mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, illakini yaliachia nafasi bunduki za kale zisizo na mifuo. Hiyo ni sababu mojawapo ya magobori kudumu mikononi mwa watu wakati Wazungu walipokuwa na silaha nyingine kabisa.

Silaha mojawapo ya hizo ilikuwa bunduki ya wenzo, ambayo wenzo wake uko chini, penye kidole cha kufyatulia. Mpigaji huusukuma mbele na kuurudisha. Ganda tupu hutoka, na kiasi kipya huingia. Kiasi ni ganda la shaba nyeupe lenye baruti ndani, fataki kitakoni, na risasi mdomoni. Bwana Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuwa na bunduki ya Winchester ya namna hii, ambayo yeye aliiita ya kupiga mara kumi na sita. Safari yake ya pili ilimfikisha ziwani kwetu, Kageye, mwezi wa Februari 1875, si mbali na hapa Buswelu. Tena mwaka 1909 Bwana Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa na Winchester ya mwaka 1895, akaitumia kuwinda simba, na mwisho wa mwaka ule akavuka ziwa hili kutoka Kisumu mpaka Entebbe.

Hapa pana jambo la kujifunza. Katika Winchester nyingi za kale viasi hulala ndani ya bomba chini ya kasiba, kimoja nyuma ya kingine, na ncha ya risasi hugusa fataki ya kiasi kilicho mbele yake. Risasi ikiwa na ncha kali, kishindo cha bunduki chaweza kuifanya ipige fataki ile, na bomba likapasuka mkononi mwa mpigaji. Ndiyo maana risasi zake husubiwa zenye pua butu. Bunduki ya Roosevelt haikuwa na bomba. Viasi vyake vilipangwa kimoja juu ya kingine katika sanduku, kwa hiyo risasi ya ncha haikuwa na hatari ile.

Kasiba za bunduki hizi zina mifuo iliyopindwa kama parafujo, nayo huizungusha risasi ipate kwenda sawa. Risasi ya kusubu isipojaza mifuo, moto hupenya pembeni mwake na kuiyeyusha, na madini hugandamana ndani ya kasiba, shabaha hupotea. Kwa hiyo mafundi huipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama.

Walakini kazi ya kujaza viasi imewaangamiza hata mafundi wenye ujuzi. Ganda lililofanywa zamani kwa baruti nyeusi lina nafasi kubwa. Baruti mpya isiyo na moshi huchukua nafasi ndogo, nayo ina nguvu nyingi. Mtu akisahau akatia mara mbili, jicho halioni tofauti, na bunduki hupasuka. Yatosha kusahau mara moja tu.

Hatari nyingine haina kishindo, nayo ni sumu ya madini yenyewe. Wavuvi wayeyushao risasi kwa kufanya chubwi za nyavu wanahusika sawasawa na wasubu wa gololi. Vumbi na moshi wake vikiingia mwilini huharibu akili ya mtoto kabla hajaanza shule, na hakuna kipimo kijulikanacho kuwa ni salama. Basi sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni kamwe, watoto wasikaribie, na mikono ioshwe kabla ya kula. Tena tone moja la maji likianguka ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kuirusha usoni.

Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, kuwa na bunduki au kutengeneza risasi bila idhini ni kosa, hata kama bunduki ni ya urithi. Basi aliyeikuta darini na afanye hivi: asiivute mtambo, asiijaribu, asiitie motoni, aiache ilipo, awaondoe watoto, awaite polisi.

Ndivyo ilivyofanyika kwa gobori lile. Walikuja wenye kazi yao wakalichukua, na baadaye tukaambiwa kilichotolewa ndani: gololi moja yenye ukoko mweupe, na chini yake baruti nyeusi, kavu. Baruti ya namna ile haizeeki kama mtu. Ikikaa pakavu hungoja cheche tu. Yule kijana alipopata habari hizo alikwenda kwa mzee jirani, akapiga goti, akamshukuru. Mzee akamjibu, "Mshukuru mdeki, mjukuu wangu. Wewe uliuliza kwa kidole, mimi niliuliza kwa kijiti."