Gitaa Lisihukumiwe kwa Rangi Yake



Mwaka jana wanafunzi wa zamani wa shule hii walituchangia fedha za kununua gitaa la umeme kwa ajili ya kikundi chetu cha muziki. Mimi na mwenzangu mmoja tulitumwa Kampala kulichagua. Dukani tulikuta magitaa mawili ya bei moja. La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha Jumapili, lina utepe mweupe kandokando na vyuma vya rangi ya dhahabu. La pili lilikuwa la manjano iliyofifia, halina pambo lolote. Sikulitazama mara mbili. Nikalipa, nikarudi na lile jeusi kwa furaha nyingi.

Mwezi wa nne skrubu nene zinazoshika daraja la nyuzi zilianza kuinama na kung'oka. Bruda anayetufundisha muziki alifungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha ukingo wa tundu. Chini ya rangi ile nyeusi palikuwa na mbao nyembamba zilizogandishwa moja juu ya nyingine, nazo zimeanza kuachana kama kurasa za daftari lililolowa maji. Hakunigombeza. Alisema tu, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nenda ukasome habari za magitaa, kisha uwaandikie wenzako." Basi haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue jinsi gitaa la umeme litoavyo sauti. Chini ya nyuzi za chuma pana kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitetemeka juu yake, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya ule. Mkondo huo hupelekwa kwenye amplifaya, hukuzwa, ukawa sauti. Rangi haina sehemu katika kazi hiyo.

Gitaa letu liliigizwa umbo la gitaa mashuhuri la Marekani liitwalo Les Paul. Jina hilo ni la mpigaji gitaa aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2009. Kampuni ya Gibson, iliyokuwa na kiwanda chake katika mji wa Kalamazoo, ilianza kuliuza mwaka 1952. Katika muda wa miaka mitatu likawa na ndugu kadhaa, na ndugu hao ni somo zuri kwa mtu atakaye kutofautisha pambo na ujenzi.

Mkubwa wao, wa mwaka 1952, alipakwa rangi ya dhahabu usoni. Kiwiliwili chake kilikuwa cha tabaka mbili: nyuma mbao ya mahogani, mti wa jamii moja na mkangazi wetu, mbele mbao ya mti mgumu uitwao mepo, iliyochongwa ikawa na mgongo kidogo. Alikuwa na vinasa viwili.

Mwaka 1954 akaja Custom. Huyu alivikwa nguo za harusi: rangi nyeusi tititi, tepe nyingi kandokando, vyuma vya rangi ya dhahabu, na ubao wa vidole wa eboni nyeusi uliotiwa vipande vya lulu. Mtu akiwatazama wawili hawa atasema ni gitaa moja lililobadilishiwa rangi. Sivyo. Chini ya weusi ule hapakuwa na mepo hata kidogo. Kiwiliwili kizima kilikuwa mahogani. Tena kinasa chake cha karibu na shingo kilikuwa cha aina nyingine. Hapa rangi ilificha tofauti ya kweli.

Mwaka huo huo alizaliwa Junior, gitaa la wanafunzi. Bei yake katika orodha ilikuwa dola 99.50, hali Custom aliuzwa dola 325. Junior alikuwa na kiwiliwili cha mahogani kilicho bapa kama ubao wa meza, kinasa kimoja tu, wala hakuwa na utepe. Lakini angalieni: mti wake ulikuwa mti ule ule, na shingo yake iligundishwa ndani ya kiwiliwili kwa gundi kama ya ndugu zake. Alichopunguziwa ni pambo, kinasa kimoja, na kazi ya kuchonga. Hakupunguziwa uimara. Ndiyo sababu wapigaji wengi waliokwisha kuwa na majina makubwa wamelipenda gitaa hilo la wanafunzi.

Mwaka 1955 wakaja wawili, nao ndio walionifungua macho. Mmoja aliitwa TV, wa pili Special. Wote wawili walipakwa manjano iliyofifia. Ungewaona ukutani ungesema ni pacha. Kumbe TV alikuwa Junior yule yule, kinasa kimoja, ila amebadilishiwa nguo. Special ndiye aliyekuwa na kitu kipya, yaani vinasa viwili. Mwenye kuchagua kwa macho atamweka TV pamoja na Special kwa ajili ya rangi. Mwenye kuchagua kwa akili atamweka TV pamoja na Junior kwa ajili ya ujenzi.

Hata magitaa mawili ya rangi moja na jina moja yaweza kutofautiana. Yale ya dhahabu ya mwanzo yalikuwa na kosa: shingo haikupewa mwinamo wa kutosha, hata nyuzi zikabidi kupita chini ya chuma cha kuzishikia badala ya juu yake. Mpigaji hakuweza kuutua vizuri ukingo wa kiganja chake juu ya nyuzi ili kuzituliza. Mwaka 1953 kosa hilo likasahihishwa, na kufikia mwaka 1955 gitaa hilo lilikuwa na daraja jipya ambalo kila uzi waweza kurekebishwa peke yake. Rangi ilikuwa ile ile ya dhahabu, lakini gitaa lilikuwa bora zaidi.

Mwaka 1957 vinasa navyo vikabadilishwa. Vile vya kwanza vilikuwa na koili moja, navyo hudaka ngurumo ya umeme uliomo nyumbani. Fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover alitengeneza kinasa cha koili mbili, zilizopangwa hivi kwamba ngurumo ya moja huiua ngurumo ya nyingine, lakini sauti za nyuzi hujumlishwa. Hayo ni mabadiliko ya ujenzi, yasikika hata na mtu aliyefumba macho.

Mwaka 1958 rangi ya dhahabu ikaachwa, uso ukapakwa rangi nyekundu na manjano inayopenya nuru, kama anga la jioni. Je, hilo ni pambo tu? Karibu. Vinasa na ujenzi vilikuwa vile vile. Lakini kwa kuwa sasa mepo ilionekana, mafundi walilazimika kuchagua vipande viwili vinavyolingana na kuviunganisha katikati. Mbao nyingine zilikuwa na mistari kama ya chui milia. Siku hizi gitaa moja la aina hiyo, lililotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1960, laweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, zaidi sana kuliko ndugu yake wa dhahabu wa mwaka 1957 aliye na ujenzi huo huo. Watu hununua uso.

Tena si kila umbo jipya ni maendeleo. Mwaka 1959 Special alipewa pembe mbili ili mkono ufike juu kabisa ya shingo. Alipendeza. Lakini tundu la kinasa cha mbele lilichimbwa karibu mno na kiungo cha shingo, kiungo kikawa dhaifu, na shingo nyingine zikavunjika. Mafundi wakakisogeza kinasa nyuma kidogo, mambo yakatengemaa. Mnunuzi ambaye hakutazama asingejua lipi ni la kabla na lipi ni la baada.

Je, aina ya mti hubadilisha sauti ya gitaa la umeme? Juu ya jambo hili wapigaji na mafundi wangali wakibishana. Lakini hakuna abishaye kwamba mti hubadilisha uzito na uimara. Skrubu haziwezi kushika mahali pasipo na mti wa kushikia.

Kwa hiyo, yeyote atakayetumwa dukani baada yangu na aulize maswali manne kabla ya kuuliza habari ya rangi. Kiwiliwili ni mti gani, nao ni mzima au ni wa tabaka? Fungua kifuniko cha nyuma utazame. Shingo imeungwaje, nayo imenyooka? Chungulia toka kichwani kama fundi achunguliavyo ubao. Vinasa ni vingapi, na ni vya koili moja au mbili? Daraja limesimama wima, na kila uzi waweza kurekebishwa? Ukisharidhika na majibu, hapo ndipo uchague rangi uipendayo. Rangi si dhambi. Kosa ni kuiweka mbele.

Nasikia kwamba kaka zetu waliotutangulia hapa shuleni wanachanga tena. Fedha zao za kwanza nilizitumia vibaya, nami naomba radhi mbele yao wote. Sitaomba nitumwe tena. Naomba tu kwamba atakayetumwa asome kwanza maneno haya. Bruda alinena kweli juu ya mkakasi, ila kwa gitaa methali ile nimeigeuza: kile kipande cha mti kilichomo ndani ndicho tulichokwenda kukinunua.