SOMO LA AFYA: KISUKARI CHA MTOTO MCHANGA SI KOSA LA MAMA

Ndugu wafanyakazi wa chai Shagasha na wa saruji Bugarama,

Wengi wetu tunajua kisukari kuwa ugonjwa wa watu wazima. Lakini kiko kisukari kinachompata mtoto kabla hajatimiza miezi 6. Ni cha nadra: kadiri ya mtoto 1 katika kila 100,000 wanaozaliwa. Kwa hiyo mtoto hudhaniwa ana malaria, mama akasingiziwa kula vibaya, na jirani akaitwa mchawi.

Chanzo ni nini?

Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari ya damu kutumika mwilini. Hutengenezwa na chembe za kongosho, zenye vilango vidogo. Sukari ikipanda, vilango hufungwa, na hapo chembe hutoa insulini. Sasa, jeni ni maagizo ya kuujenga mwili. Agizo la vilango likiwa na hitilafu, vilango hubaki wazi na insulini haitoki. Mara nyingi hitilafu hiyo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawanayo. Basi wa kulaumiwa hakuna.

Dawa ipo?

Mwaka 2004 wataalamu wa Exeter, Uingereza, na wenzao waligundua kuwa jeni moja ya vilango, KCNJ11, huleta ugonjwa huu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba kati ya wagonjwa 49 wenye hitilafu hiyo, 44 waliacha sindano za insulini wakatumia vidonge vinavyofunga vilango, kama glibenklamaidi, dawa ya siku nyingi ya watu wazima. Wengine wana hitilafu ya jeni nyingine, na baadhi yao huendelea na sindano. Kipimo cha jeni ndicho kinachowatenganisha.

Tufanye nini?

Kwanza, tujue dalili: mtoto anakojoa mno, ananyonya lakini anakonda, anatapika, anapumua haraka, analegea.

Pili, tumpeleke kituo cha afya mara moja, tuombe apimwe sukari. Tone moja la damu ya kisigino latosha. Ikiwa imezidi, apelekwe hospitali siku ile ile, kama Gihundwe au Mibilizi.

Tatu, tumwulize daktari habari za kipimo cha jeni. Asiache mtu sindano kwa shauri lake mwenyewe, mtoto atakufa.

Nne, mwenzetu anayeuguza tumshikie zamu.

Swali la kujadiliana: katika kikundi chenu, mama wa mtoto mgonjwa husaidiwa, au husemwa?