Pesa zinahesabika, "money" haihesabiki

Wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, wiki hii tuna swali moja tu, ingawa limenijia kwa sura nyingi. Mdogo wangu mmoja wa Bunda anaomba kazi ya mapokezi kwenye kambi ya watalii upande wa Serengeti, na aliyemsomea barua yake ya maombi amepiga mstari chini ya "many informations". Mwingine ameanza kidato cha kwanza pale Musoma mjini, na mwalimu amemwambia kwamba hakuna neno "homeworks". Naye anauliza: "Dada, mbona kazi zenyewe zilikuwa tatu?"

Hilo swali la kidato cha kwanza nimelipenda sana. Kazi zilikuwa tatu kweli, na wewe hukukosea kuhesabu. Kiingereza kina majina yanayohesabika na majina yasiyohesabika, lakini mgawanyo huo unafuata neno, haufuati kitu chenyewe. Ukijiuliza "kitu hiki naweza kukihesabu?" utapotea. Chukua pesa. Hakuna kitu duniani kinachohesabiwa kwa makini kama pesa. Wakala wa pesa za simu anazipitisha vidoleni mara mbili ndipo akukabidhi. Lakini "money" haihesabiki. Hatusemi "two moneys" wala "many moneys", tunasema "a lot of money". Zinazohesabika ni shilingi zenyewe: "ten thousand shillings".

Sasa twende sokoni Musoma, tusimame mbele ya magunia. Gunia la maharage ni "beans", yanahesabika: "these beans are cheap". Gunia la mchele lililo ubavuni kwake ni "rice", halihesabiki: "this rice is cheap". Punje ya harage unaweza kuishika kwa vidole viwili, na punje ya mchele vilevile, ila Kiingereza kimeamua hivyo na hakitoi maelezo. Mahindi sisi tunayataja kwa wingi, "mahindi haya", lakini "maize" inabaki hivyo hivyo, hakuna "maizes". Viazi na vitunguu vinahesabika: "potatoes", "onions". Jina lisilohesabika ukitaka kulihesabu, lipe kipimo: "two kilos of rice", "five sacks of maize". Kilo na gunia ndivyo vinavyopokea namba.

Na hilo la kipimo si geni kwetu. Nani amewahi kusikia mama muuzaji akisema "mchele miwili"? Tunasema kilo mbili za mchele, chupa tatu za asali. Kwa hiyo anayewaambia kwamba Kiswahili hakina majina yasiyohesabika msimsikilize. Tunayo, ila orodha yetu na orodha ya Waingereza hazilingani, na pasipolingana ndipo tunapojikwaa.

Tunajikwaa zaidi pale ambapo sisi tunahesabu na wao hawahesabu. Kwetu kuna mzigo na mizigo, kifaa na vifaa, mkate na mikate, tena tunasema taarifa mbili na fanicha nne bila wasiwasi. Kwao "luggage", "equipment", "bread", "information" na "furniture" hayapokei "s" mwishoni, wala "a" au "an" mwanzoni. Mpokea wageni akiuliza "Where are your luggages?" mgeni atamwelewa, ila sahihi ni "Where is your luggage?" Akitaka idadi, abadili neno: "How many bags do you have?" Mikate mitatu ni "three loaves of bread". Ushauri mmoja ni "a piece of advice", si "an advice", na "advices" iondoeni kabisa madaftarini. Zile kazi tatu za mdogo wangu zilikuwa "three pieces of homework", au aseme "three assignments", neno ambalo linahesabika bila tatizo.

Halafu kuna makosa yanayotoka kwenye ngeli zetu. Maji, maziwa na mafuta yanakwenda na "haya" na "yamemwagika", kama vile ni vitu vingi. Lugha zetu za nyumbani, Kijita, Kizanaki na Kikurya, nazo zina ngeli, kwa hiyo tumekua na ngeli masikioni tangu utotoni. Mtoto anapoandika "these milks are fresh" anafuata mantiki iliyomlea. Kiingereza kinataka "this milk is fresh". Nywele nazo zinatuponza: "my hairs are long" inamfanya msikilizaji aone unywele mmoja mmoja. Sema "my hair is long". Lakini ukiuona unywele kwenye bakuli la mboga, hapo una haki ya kusema "there is a hair in my food". Na "news", pamoja na "s" yake, ni umoja: "the news is good".

Umeona jinsi "hair" ilivyokaa pande zote mbili? Maneno ya namna hiyo ni mengi, na shuleni mara nyingi yanapitiwa haraka. "A chicken" ni kuku anayeparura uani. "Chicken" bila "a" ni nyama yake sahanini. Ukimwambia mtu "I ate a chicken", ataelewa ulimmaliza kuku mzima peke yako. Mvuvi akileta sato kumi amepata "ten fish", lakini wataalamu wanapozungumzia furu wa Ziwa Victoria, ambao aina zake ni mamia, huandika "fishes" kwa maana ya aina nyingi za samaki. Hata "waters" ipo: "the waters of Lake Victoria" ni sahihi kabisa, kwa sababu unataja eneo la ziwa, si maji ya kwenye ndoo.

Wewe wa Bunda, barua yako inahusika hapa. Uliandika "I have many experiences". Maana yake ni kwamba umepitia mambo mengi maishani. Uzoefu wa kazi hauhesabiki: andika "I have two years of experience", au hiyo miaka uliyonayo kweli. Usiombe "a work", omba "a job". Na palipopigwa mstari weka "I would like more information about the post". Kazini kwako kwa zamani hamkuwa "five staffs", mlikuwa "five members of staff".

Kuna kaneno kengine kadogo naomba mkaangalie kwa utulivu, maana kanageuza maana nzima. Kwa Kiswahili "nina pesa kidogo" inaweza kumaanisha nimeishiwa, au kwamba usijali, kitu kipo. Sauti ndiyo inayoamua. Kwa Kiingereza anayeamua ni "a". "I have little money" ni kulia hali. "I have a little money" ni kusema nauli ya kwenda Butiama haikosekani. Kwa vinavyohesabika ni hivyo hivyo: "few friends" ni upweke, "a few friends" ni marafiki wachache wanaotosha. Mkisita kati ya "many" na "much", tumieni "a lot of", inakubalika kote.

Namna ya kujifunza? Msiandike neno peke yake kwenye daftari. Ukiandika "advice: ushauri" umejifunza nusu. Andika "some advice, a piece of advice", ulimi ulizoee neno pamoja na mwenzake. Kamusi nyingi za Kiingereza zilizotungwa kwa wanafunzi huweka herufi C kwa jina linalohesabika na U kwa lisilohesabika. Itafuteni hiyo herufi kabla ya maana.

Na msione haya. Waingereza wenyewe hawakukaa mahali pamoja: siku za Shakespeare "news" ilitumika pia kwa wingi. Njegere zilikuwa "pease", neno lisilohesabika, mpaka watu walipodhani ile sauti ya mwisho ni ya wingi, wakaikata, wakapata "pea". Walichokosea jana leo ni sarufi. Mtihani wenu, hata hivyo, unasahihishwa kwa Kiingereza cha leo. Hata Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12 na Kizanaki cha nyumbani. Kiingereza alikikuta darasani kama ninyi, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili ikachapishwa.

Sasa nawageukia ninyi mnaocheka mwenzenu anaposema "informations" mbele ya darasa. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza kila somo limegeuka Kiingereza, na bado amesimama akajibu. Mkimcheka leo, kesho atakaa kimya, na aliyekaa kimya hakuna wa kumsahihisha. Mwambieni neno sahihi taratibu, mkiwa mmeketi naye, halafu mwacheni aendelee kuzungumza.