Kadi ya benki ikibadilishwa, nani abebe gharama?

KUNA ujumbe mfupi wa simu ambao wateja wengi wa benki wameshaupokea, au watakuja kuupokea. Unasema kuwa kadi uliyonayo itakoma kufanya kazi tarehe fulani, na unatakiwa ufike tawini uchukue mpya. Kwa aliyeketi Dar es Salaam hilo ni jambo la kupita benki wakati wa mapumziko ya mchana. Lakini kwa mwalimu, muuguzi au mstaafu wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga, huo ni mwito wa safari. Anatakiwa atafute nauli ya kwenda Igunga au Nzega, aache kazi, asimame kwenye foleni, na pengine aambiwe kuwa kadi yake haijafika, arudi wiki ijayo.

Makala hii inakusudia kueleza jambo hilo kwa lugha nyepesi. Kadi hubadilishwa kwa sababu gani? Ni kitu gani hasa kinachobadilika? Na je, ni haki kwamba mabadiliko aliyoyataka mwenye benki yagharimiwe na mwenye fedha?

KADI SI AKAUNTI

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Akaunti ni hesabu yako iliyomo ndani ya vitabu vya benki. Kadi ni ufunguo tu wa kuifikia hesabu hiyo. Ufunguo ukibadilishwa, nyumba haijahama na vilivyomo havijapungua. Mtu anayepatwa na hofu kuwa kadi yake imekufa na fedha zake zimekwenda nayo, na atulie. Namba ya akaunti kwa kawaida hubaki ile ile. Kinachobadilika ni namba ndefu iliyoandikwa usoni mwa kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na mara nyingi namba ya siri.

Namba ile ndefu ina siri yake. Tarakimu za mwanzo huonyesha kadi ni ya mtandao gani. Kadi za Visa huanza na 4. Kadi nyingi za Mastercard huanza na 51 hadi 55, na za UnionPay ya China huanza na 62. Mitandao hii si benki, wala haitunzi fedha zako. Kazi yake ni kupeleka ujumbe. Unapochomeka kadi katika mashine ya benki nyingine, mashine husoma tarakimu hizo, hupeleka swali kupitia mtandao husika hadi benki yako, nayo hujibu kama salio lipo au halipo. Yote hayo huisha katika sekunde chache.

Hapa nyumbani tuna pia mtandao wa Umoja Switch, ulioanzishwa na benki ndogo kadhaa katika miaka ya 2000 ili wateja wao waweze kutumia mashine za ATM kwa pamoja. Lilikuwa wazo la busara, kwani benki moja ndogo isingeweza kuweka mashine kila wilaya, lakini zikiungana kila mmoja hunufaika na mashine ya mwenzake.

Kwa hiyo benki inapohama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kadi za zamani haziwezi kubaki. Tarakimu zake zinaelekeza njia ambayo haipo tena. Ndiyo maana kadi ambayo jana ilitoa fedha, leo inakataliwa na mashine ile ile.

KWA NINI BENKI HUBADILISHA

Tuwe waadilifu katika kuhukumu. Si kila mabadiliko ni njama ya kumkamua mteja. Sababu ziko nyingi. Mkataba na mtandao wa zamani huisha, na mtandao mpya hutoza benki ada ndogo zaidi. Wakati mwingine mtandao mpya unapokelewa mahali pengi zaidi, na hilo lina faida kwa mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou, kwa mzazi mwenye mtoto anayesoma nje, na kwa hujaji anayetaka kutoa fedha akiwa Makka.

Sababu nyingine ni usalama. Kadi za zamani zilitegemea mstari mweusi wa sumaku ulio mgongoni, na wezi waligundua namna ya kuunakili na kutengeneza kadi ya bandia. Kadi zenye chipu ni ngumu zaidi kunakiliwa. Hapa mteja ndiye anayelindwa.

Ya tatu ni benki kuungana au kubadilisha wamiliki. Oktoba 2016, Benki Kuu ya Tanzania iliichukua Twiga Bancorp chini ya usimamizi wake kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na huduma zikasimama kwa muda. Mwaka 2018 benki hiyo iliunganishwa na Benki ya Posta, TPB, ambayo nayo tangu 2021 inaitwa Tanzania Commercial Bank. Mteja wa Twiga hakuomba lolote kati ya hayo. Alilala akiwa mteja wa benki moja, akaamka akiwa wa nyingine.

SOMO LA NJIA YA MISAFARA

Sisi watu wa upande huu wa Tabora tunalo somo la zamani kuhusu jambo hili, maana mababu walifanya biashara na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na kutoka hapo kuelekea Ujiji na nchi za ziwa. Msafara haukubeba noti. Ulibeba merikani, kaniki, nyaya za shaba na shanga, na vitu hivyo ndivyo vilivyonunua chakula njiani na kulipia hongo kwa watemi.

Wasafiri walioandika habari za njia hiyo, kama Burton aliyefika Kazeh mwaka 1857 na Stanley aliyekaa Kwihara mwaka 1871, wote walieleza tatizo moja. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Samesame nyekundu zilipendwa mahali fulani, na mahali pengine watu walitaka nyeupe au nyeusi. Tena mapenzi hayo yalibadilika. Mtu angeweza kuwa na mizigo mizima ya shanga na akalala njaa, kwa sababu mwenye mtama amezikataa.

Thamani ya shanga ilitegemea kukubaliwa kwake na mtu wa upande wa pili. Na kadi ni hivyo hivyo. Kipande kile cha plastiki hakina thamani yoyote mpaka mashine iliyo mbele yako ikitambue.

Lakini ipo tofauti moja kubwa, na hapo ndipo penye hoja yetu. Katika msafara, tajiri ndiye aliyechagua shanga, na akikosea hasara ilikuwa yake. Katika suala la kadi, benki ndiyo inayochagua mtandao, na mambo yakienda mrama anayelala njaa ni mteja. Mwenye uamuzi na mwenye kuumia ni watu wawili tofauti. Panapokuwa hivyo, uzembe ni rahisi, kwa sababu mzembe haumii.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Tusidhani kuwa tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Nchini Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha hesabu za wateja wake kwenda mitambo mipya ya kompyuta. Hapo haikuwa kadi tu, bali mfumo mzima. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, wengine kwa siku nyingi. Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wa nchi hiyo waliitoza TSB faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Afrika Kusini, mwaka 2020, ilibainika kuwa wafanyakazi wa Postbank walikuwa wameiba ufunguo mkuu wa siri unaolinda kadi, na kadi zipatazo milioni 12 zikahitaji kubadilishwa. Nyingi zilikuwa za wazee, walemavu na akina mama wanaopokea ruzuku ya serikali. Baadaye wapokeaji wa ruzuku walitakiwa kuacha kadi za dhahabu na kuchukua nyeusi. Tarehe ya mwisho ikasogezwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa watu wengi walikuwa hawajazipata. Kama hilo limetokea katika nchi yenye matawi na mashine nyingi kuliko sisi, je, kwetu itakuwaje?

Funzo la visa vyote viwili ni moja. Tarehe ya kuzima kadi za zamani isipangwe kwa kalenda ya mkataba wa benki, bali kwa idadi ya wateja ambao kadi mpya imeshawafika mkononi.

HAKI NA WAJIBU

Watanzania wengi hawajui kuwa wana mahali pa kulalamika. Mwaka 2019 zilitoka kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Zinaitaka taasisi ya fedha ieleze masharti na gharama zake kwa uwazi, na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu. Asiyeridhika na majibu ya benki yake anaweza kulifikisha lalamiko lake Benki Kuu. Basi tusiishie kunung'unika chini ya mwembe. Lalamiko lisiloandikwa, kwa benki, halikutokea.

Mteja naye ana mambo ya kufanya. Kwanza, asingoje siku ya mwisho, kwani foleni ya siku hiyo huifahamu kila aliyewahi kuisimama. Pili, ahakikishe namba ya simu iliyoko benki ni ile anayoitumia sasa, la sivyo taarifa itakwenda kwa mtu mwingine. Tatu, ajue kuwa hata bila kadi anaweza kutoa fedha zake tawini kwa kitambulisho, na kwamba huduma za benki kwa simu kwa kawaida hufuata namba ya akaunti, si kadi.

Nne, mashine ikikata fedha bila kuzitoa, atunze risiti, aandike siku, saa na mahali, kisha aende kwa benki yake yeye, si kwa benki yenye mashine. Sisi tuliofundishwa kuandikiana deni na kuweka mashahidi, hili lisitushinde.

Tano, ajihadhari na matapeli. Wale wanaotuma ujumbe wa kudai ile hela uitume kwenye namba hii ndio hao hao watakaokupigia wakijidai ni maofisa wa benki wanaokusaidia kuwasha kadi mpya. Hakuna mfanyakazi halali wa benki mwenye haja ya kujua namba yako ya siri. Anayeiuliza ni mwizi, hata kama anakutaja kwa majina yako matatu.

Kwa upande wa mabenki, tunayoyadai si makubwa. Kadi ya kubadilishia iwe bure, kwa kuwa mteja hakuipoteza. Kadi ya zamani na mpya zifanye kazi pamoja kwa miezi kadhaa. Taarifa itolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na isiishie kwenye simu, bali ifike msikitini, kanisani, gulioni na ofisi ya kijiji. Na badala ya kuwaita watu mia moja wa Choma wapande magari kwenda mjini, ofisa mmoja na apande gari awafuate na sanduku la kadi. Hesabu ya nauli peke yake inaonyesha lipi ni jepesi.

Fedha ya mteja ni amana. Aliyepewa amana hana budi kuilinda, na ana wajibu pia wa kumrahisishia mwenyewe kuipata anapoihitaji. Benki inayobadilisha kufuli lake ina wajibu wa kumpelekea mwenye mali ufunguo mpya kabla ya kuutupa ule wa zamani.