Kosa Linalonyamaza Kwenye Excel

Fomula ikivunjika, Excel hukuonyesha #REF! na unajua pa kuanzia. Kinachoumiza biashara ni kosa lisilotoa alama yoyote. Mtu anaandika 45,000/= kama tulivyozoea kwenye risiti; kompyuta inaichukua kuwa maandishi, na SUM inairuka. Jumla inatoka safi kabisa, pungufu kwa shilingi 45,000, na hakuna anayeshtuka mpaka siku ya kulinganisha na taarifa ya benki.

Dalili yake ni upande. Namba hujipanga kulia mwa seli, maandishi kushoto. Basi usizivute namba katikati ili shiti ipendeze, maana utafuta dalili hiyo. Andika 45000 tupu, kisha iache Excel yenyewe iweke koma. Namba za simu ni kinyume chake: zipangie seli za maandishi kabla ya kuingiza, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea.

Kosa la pili limewaponza hata mabingwa. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa waliotaka kubana matumizi wakautegemea. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon na wenzake walionyesha, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark zikaachwa nje.

Dukani hutokea vilevile: mauzo ya leo yanaongezwa chini, fomula inaendelea kuishia jana. Geuza orodha yako iwe jedwali rasmi kwa kubonyeza Ctrl na T, na mistari mipya itaingia kwenye hesabu. Kisha ijaribu. Kwenye nakala ya faili, ongeza 1,000,000 katika mstari wa mwisho. Jumla isipopanda kwa milioni kamili, usiiamini.

Viwango vya kodi navyo visifichwe ndani ya fomula. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021. Aliyeandika kiwango mara moja, kwenye seli moja inayosomwa na fomula zote, alibadilisha seli hiyo tu. Ila bei za zamani zihifadhi na kiwango chake, zisije zikabadilika nazo.

Na kama ungechagua kinga moja tu, ningekusihi uchague hii: pata jumla kwa njia mbili. Jumlisha mauzo kwa siku, jumlisha tena kwa muuzaji, kisha weka seli ya tofauti juu kabisa, igeuke nyekundu ikiwa si sifuri. Hiyo haitakamata risiti iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo. Kwa hilo anahitajika mtu wa pili, asiye yule aliyeingiza: mmoja asome risiti kwa sauti, mwingine afuate kwenye skrini, kabla faili haijaenda kwa mhasibu.